Sindano Mpya na Vidonge vya Zamani: Wagonjwa wa Yabisi Mwanza Waanzie Wapi?

Mama mdogo anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Asubuhi vidole havifungui chupa ya chai. Hubana kifuniko kwa viganja viwili, na ni mpaka saa tatu ndipo mikono inalainika. Miaka yote tulilaumu upepo wa ziwa. Kumbe ni baridi yabisi: kinga ya mwili imegeuka kushambulia viungo vyake yenyewe.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 zipo sindano zinazozuia TNF, protini inayochochea uvimbe huo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza mojawapo, adalimumabu, kwenye orodha ya dawa muhimu. Wanaotaka wagonjwa waanzie sindano hizi wana hoja nzito, maana kiungo kikishapinda hakinyooki tena.

Wanaosita nao hawasemi ovyo. Sindano hizi hupunguza kinga, na kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka. Tanzania imo kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, kwa hiyo kupimwa kwanza ni lazima. Tena ni ghali, na hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Mgonjwa wa Ukerewe itabidi avuke nazo kivukoni ndani ya kiboksi cha barafu.

Kwa yabisi ya vidole, niko upande wa wanaosita. Methotreksati, kidonge cha zamani cha bei nafuu, ndicho huanziwa hata Ulaya, na kikiwahi kinazuia uharibifu. Mama mdogo anakitumia sasa. Ila ni mara moja kwa wiki! Kikimezwa kila siku kinaweza kuua, ndiyo maana boksi lake limeandikwa JUMAPILI kwa kalamu nyekundu. Kinachotuumiza zaidi ni deksa (deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe) ya kujinunulia: maumivu yanatulia, ugonjwa unaendelea kula viungo.

Lakini kwa yabisi ya uti wa mgongo hoja hiyo inakwama. Kuna kijana mvuvi ambaye kiuno humwamsha usiku wa manane, akivuta nyavu anapata nafuu, akipumzika anakakamaa. Methotreksati haitibu mgongo. Ataanza na mazoezi na dawa za kupunguza uvimbe chini ya daktari. Zikishindwa, huyu anahitaji sindano. Ulaya iliidhinisha nakala ya kwanza ya sindano hizi, yenye bei nafuu zaidi, mwaka 2013. Bima zetu zikianza kuzilipia, zianze na yeye, kabla pingili za mgongo wake hazijaungana.