Moja Hadi Tano

Jana jioni nipo zangu kituoni Mwenge, begi la spana begani, kanijia binti na kishikwambi. "Shikamoo baba, nafanya utafiti wa usafiri kati ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mitaa inayokizunguka. Maswali machache tu."

Marahaba. Nikafunga kifungo cha shati. Mtu kuombwa maoni na msomi, si kila siku.

"Kutoka nyumbani hadi kituoni unatumia dakika ngapi?"

Kiangazi au masika? Akapekua, masika hayamo.

"Unabadilisha gari mara ngapi?"

Mwanangu, sibadilishi, nabadilishwa. Nauli natoa ya Changanyikeni, tukifika Utawala, kituo cha jengo la utawala la chuo, konda anasema gari linageuza. Tunafaulishwa kwenye gari jingine na mabegi yetu, na hela harudishi.

"Hapa panataka namba, baba."

Tunabishania namba, daladala hiyo. Heshima zote zikaishia hapo. Kuna mama kaingiza ndoo dirishani kuwahi siti. Mimi nikaingia kwa kusukumwa, mguu mmoja ndani, wa pili sijui nani kaukalia. Binti anakimbia kwa nje: "Baba! Moja hadi tano, unaridhika kiasi gani?"

"Sifuri!"

"Sifuri haipo!"

Konda naye: "Mzee wangu, sogea nyuma, nafasi kibao!" Nyuma ipi? Nyuma yangu kuna kwapa la mtu.

Chuo hiki mwaka 1961 kilianzia Mtaa wa Lumumba, unashuka kwenye basi unaingia darasani. Mwaka 1964 wakakipandisha mlimani, na sisi tunaokifagia na kukizibia mabomba tukatafute njia. Sasa kuna mabasi ya mwendokasi awamu ya nne, na Barabara ya Sam Nujoma imo. Sawa, napiga makofi. Ila Sam Nujoma nani analala? Watu wako Msewe, Golani, Makongo Juu, huko ambako mchora ramani kalamu yake huwa imeisha wino. Mabasi madogo ya kutoka barabara kubwa kuingia mitaani, yenye saa zake, yangegharimu nini jamani?

Bajaji usiniambie. "Bado mmoja" ya bajaji haijawahi kuwa mmoja.

Anayesafiri kwa raha pale mlimani ni tumbili. Anatoka bwenini anaingia Utawala, hafaulishwi, nauli halipi. Tena juzi kaja karakanani kachukua chapati alizonifungia mama watoto, chupa ya chai kaiacha. Mama watoto kugoma kuamini! Eti tumbili gani anajua kufungua hotpoti, nimtaje jina lake.