Chanzo cha Taka: Mwalimu

Kwa wiki mbili nzima kabla ya kuwapeleka wanafunzi wangu ufukweni, nilikuwa nikiwafundisha tabia ya maji. Niliwaeleza kwamba kutoka maji kupwa hadi kujaa hupita takriban saa sita, na kwamba bahari haipandi kwa mwendo mmoja: ukiyagawa maji yanayopanda mafungu 12, saa ya kwanza huleta fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Ili lisisahaulike jambo hilo, niliwaimbisha, "Moja, mbili, tatu! Tatu, mbili, moja!" mpaka darasa la jirani likaleta malalamiko.

Nilichagua makusudi siku ya bamvua, kwa kuwa ndipo maji hupwa mbali na vidimbwi vya mwambani vikabaki wazi. Tulipofika, nilivua viatu, nikaviweka pamoja na mkoba wangu juu ya jiwe bapa. Jiwe hilo lilikuwa na mwani mbichi na chaza wadogo waliong'ang'ania ubavuni, alama ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimezichora ubaoni kuonyesha mahali panapofunikwa na maji kila siku. Lakini saa ile lilikuwa kavu, nami nikatosheka na ukavu wake. Juu ya mkoba niliegemeza bango langu, karatasi ngumu niliyoifunika kwa plastiki isije ikalowa, lenye maandishi mekundu: BAHARI SI JAA.

Katika kidimbwi cha kwanza tulimkuta kiti cha pwani, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, amepinduliwa na wimbi, amelala chali. Niliwakataza kumgusa, tukainama kumtazama. Chini ya kila mkono wake kulikuwa na safu za vijiguu laini, vyembamba kama nyuzi, vinavyosukumwa na maji yaliyomo mwilini mwake. Vilipapasa huku na huku, kimoja kikanasa jiwe, kingine kikafuata, mkono mmoja ukajikunja, kisha taratibu akajigeuza mzima. Wanafunzi walishangilia kama waliofunga bao. Mimi nilisahau saa.

Maji yalipofika vifundoni nilitoa amri ya kupanda mchangani, na kwa fahari isiyo kifani nikawakagua mmoja mmoja kuhakikisha kwamba hakuna aliyeacha hata penseli.

Huko juu tulianza zoezi la taka. Niliwakumbusha kwamba mwaka 1986, huko Texas, Marekani, watu wa kujitolea waliosafisha ufukwe hawakuishia kuokota, bali waliandika kila walichokiokota, kwa sababu idadi na aina ya taka ndiyo inayoonyesha zimetoka wapi. Anayeokota bila kuandika amefagia tu. Kwa hiyo fomu zetu zilikuwa na safu tatu: aina ya taka, hali yake, na chanzo chake. Sharti langu lilikuwa moja, nalo nililitamka mara tatu: kitu chochote kisiokotwe kabla hakijaandikwa.

Tulikuwa tumemaliza vizibo vya chupa na vipande vya kamba za nyavu nilipotaka tupige picha pamoja na bango. Niligeuka. Jiwe halikuwepo.

"Mwalimu," akauliza katibu wa kikundi cha pili, msichana mpole sana, "hii si ndiyo saa ya tatu?"

Nyuma yake kijana mmoja akaanza kwa sauti ya chini, "Moja, mbili, tatu," na darasa zima likampokea.

Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa bango, likielea chali, maandishi yake yakisomeka vizuri kila wimbi lilipolala. Likafuata chupa ya maji, kisha kiatu kimoja. Nilipiga kelele wavishike, nao wakakimbia kwa utiifu mkubwa hadi ukingoni mwa maji, wakasimama, wakatoa kalamu.

"Mwalimu, ni cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto! Kishike!"

"Bado tunaandika hali yake, Mwalimu."

Wimbi lilikirudisha kiatu baharini, likakileta tena, likakirudisha. Mkoba niliufuata mwenyewe, suruali na yote. Kiatu cha kulia sikukiona hadi leo, na cha kushoto kilipookotwa hatimaye kilikuwa na kaa mdogo kidoleni mwake, jambo lililozusha mjadala mrefu kuhusu kama sasa kihesabiwe kuwa taka au makazi ya kiumbe. Nilingoja hukumu nikiwa peku. Kaa alitoka kwa hiari yake, kesi ikafutwa.

Jioni, fomu zililetwa kwangu nizihakiki. Katibu yule mpole alikuwa amejaza kwa mwandiko safi: bango la plastiki 1, chupa 1, kiatu 1, mkoba 1. Hali: vipya. Chanzo: mwalimu. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya msimamizi kuthibitisha kwamba taarifa zote ni za kweli. Niliomba kalamu, kwa sababu yangu ilikuwa mkobani na ilikuwa imeshiba maji, nikatia sahihi.