Ukipogoa, Ujue Unachoacha

Dodoma ya sasa haipiti wiki bila semina ya ujasiriamali, na semina hazikosi duara. Mkufunzi huchora duara ubaoni, akakata kipande chembamba pembeni, kisha akageuka na tabasamu: "Asilimia 20 ya mnayofanya ndiyo inayowaletea asilimia 80 ya mnachopata. Tafuteni hiyo 20, mengine achaneni nayo." Nilikuwepo kwenye mojawapo mwaka jana na makofi nilipiga kama wengine. Tangu hapo nimeijaribu kanuni hiyo, tena kwenye duka la mtu mwingine, na ndiyo sababu nilikuwa na ujasiri mwingi. Matokeo nitayaeleza.

Kwanza asili yake, maana semina huiruka. Vilfredo Pareto alikuwa Mwitaliano aliyezaliwa Paris mwaka 1848, akaanza maisha kama mhandisi wa reli, akaishia kufundisha uchumi Lausanne, Uswisi. Alipochambua takwimu za mapato ya watu wa nchi mbalimbali, aliona umbo lilelile likijirudia: wachache wana kingi, wengi wana kidogo. Hakuwa anamshauri mtu namna ya kupanga siku yake. Aliyeigeuza kuwa kanuni ya kazi ni Joseph Juran, Mmarekani mzaliwa wa Romania, mtaalamu wa ubora viwandani. Juran aliona kwamba kasoro nyingi za bidhaa hutokana na vyanzo vichache, akaipa hali hiyo jina la Pareto. Mwaka 1975 aliandika akikiri kwamba Pareto alikuwa amebebeshwa mzigo usio wake. Tena yapo masahihisho mengine ya Juran ambayo mimi nayathamini zaidi: mwanzoni alisema "wachache wa lazima na wengi wasio na maana", baadaye akabadili, wale wengi akawaita wenye manufaa. Kwenye semina bado wanaitwa wasio na maana.

Ila kanuni yenyewe ina kweli, na ushahidi huhitaji kuufuata Ulaya. Shika barabara ya Iringa mpaka Mpunguzi, uingie kwenye shamba la zabibu wakati wa kupogoa. Mgeni akiona kwa mara ya kwanza hudhani shamba limevamiwa. Mkulima anapita na mkasi mstari kwa mstari, matawi ya kijani kabisa yanaanguka, na mzabibu uliokuwa umefunika waya unabaki kisiki chenye vijiti vichache. Usipopogoa, mzabibu hunawiri majani na kukuachia vichala vyembamba, na ndani ya msitu huo ubwiri unga hupata makao. Ukipogoa sawasawa, nguvu yote ya mizizi inakwenda kwenye macho machache, yaani vichipukizi, uliyoyaacha. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mkasi una sehemu kubwa katika hilo. Anayetaka kuibishia kanuni ya wachache aanzie hapo.

Au tazama mji wenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, ikaundwa mamlaka ya kuustawisha mji, wakapima viwanja na kuchora ramani. Miaka arobaini na ushei watu wakawa wanatania kwamba serikali inahamia Dodoma kila bajeti. Kisha Septemba 2016 Waziri Mkuu akahamia kweli, wizara zikafuata, mwaka 2018 ikapitishwa sheria ya kuutangaza mji kuwa makao makuu, na leo Mtumba pana Mji wa Serikali. Mtu wa semina atakwambia: unaona? Tendo moja limefanya yaliyowashinda watu miongo minne.

Hapo ndipo ninapoanza kusita. Hao waliohama walifikia wapi? Walikuta viwanja vimepimwa, Bunge lipo, Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, barabara na mabomba yapo, hata kama hayakutosha. Zile kazi za miaka arobaini, ambazo kwa hesabu ya duara hazikuzaa kitu, ndizo zilizolipatia tendo moja la 2016 mahali pa kutua. Ukipima matokeo siku ya mavuno, sifa yote huenda kwa aliyebeba kikapu. Wala sisemi kwamba kuchelewa kule kulikuwa na heri. Nasema tu mizani ya asilimia haioni kazi ya maandalizi.

Sasa duka. Mangi wa mtaani kwetu (si Mchaga, ni Mrangi wa Kondoa, lakini jina la mangi limeshawaganda wenye maduka wote) alinipa daftari lake Jumapili moja jioni. Alikuwa na bidhaa zaidi ya mia. Tulipozipanga, unga, sukari, mafuta ya kupima, mchele, sabuni na uwakala wa pesa za simu vilibeba karibu mauzo yote. Nikajiona Juran. Nikamwambia: hizi nyembe, sindano, viberiti, mishumaa, kandambili za saizi moja moja, zinakulia nafasi na mtaji. Ziondoe, ongeza magunia ya unga. Akanisikiliza, maana nilikuwa na kalamu.

Kabla mwezi haujaisha mkewe akanisimamisha pale mlangoni. "Shemeji, ule ushauri wako tumeurudisha stoo." Kumbe mama aliyekuja kutafuta sindano na uzi, akikosa, hakusema "nipe basi sukari." Alivuka barabara hadi duka la pili, akapata sindano, na kilo ya sukari akanunua hukohuko. Mtoto aliyetumwa kiberiti alikuwa ametumwa na mafuta pia. Isitoshe, sukari yenyewe faida yake ni kiduchu, kila duka linauza bei ileile. Kilichomfanya mtu achague duka hili badala ya lile ni uhakika kwamba hakosi kitu. Daftari lilirekodi sukari. Halikurekodi sindano iliyoileta sukari. Nimeomba radhi, na nimeambiwa nikitaka kushauri tena nianze kwa kulipa deni langu.

Kosa langu pale lilikuwa kudhani vitu vya dukani vinasimama kimoja kimoja. Lakini katika mkoa huu kuna kosa kubwa zaidi la kanuni hii, nalo linahusu mvua. Dodoma ina msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka ukijaliwa, na katikati yake mara nyingi hupita kiangazi cha wiki kadhaa kinachokausha mahindi yakiwa yanachanua. Mwaka wa mvua nzuri, mahindi ndiyo asilimia 20 yako. Mwaka mbaya, ni uwele. Nani anajua mwezi wa kumi na mbili, akiwa na jembe mkononi, huu ni mwaka gani?

Wazee wa Kigogo hawakungoja duara. Mtu alikuwa na kipande cha uwele, kipande cha mtama, karanga kidogo, mashamba yenyewe yametawanyika, moja bondeni na jingine huko mbali, kwa sababu wingu hunyesha hapa likaruka pale. Ng'ombe nao hawakuwekwa zizi moja; wengine walipelekwa kwa ndugu na marafiki wa sehemu nyingine, ili ugonjwa au ukame ukipita usimmalize mtu. Kwa macho ya mkufunzi, huyu ni mtu asiye na mwelekeo. Lakini nchi hii imepita njaa ya Mtunya, 1917 hadi 1920, ambapo ukame ulikutana na unyang'anyi wa majeshi ya vita, chakula na mifugo vikachukuliwa. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo hawaweki mayai kwenye kapu moja kwa kuwa limesifiwa semina.

Aliyeyaweka ni Mwingereza, huko Kongwa, mkoani humu humu. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, wakachagua karanga, zao moja, kwa mkupuo. Mpango wa mwanzo ulitaja ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika. Kazi ilianza 1947 kwa matrekta, mengine mabaki ya vita. Vichaka vya Kongwa vikayavunja. Udongo uliokuwa laini wakati wa mvua ukakauka kama tofali, na karanga hukomaa chini ya ardhi. Kuzitoa ikawa vita nyingine. Mvua nazo zikakatika. Januari 1951 mpango ulitangazwa kuachwa, na hasara iliyofutwa kwenye vitabu ni pauni milioni 36 hivi.

Kuna atakayenipinga, na ana hoja: Kongwa haikuangushwa na kujikita kwenye jambo moja, iliangushwa na kutopima udongo na mvua vya kutosha. Nakubali. Lakini kujikita ndiko kulikokuza gharama ya kutojua. Kwenye vishamba vya Wagogo karanga zikikataa, umepoteza kipande na mtama bado upo.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Mahali ambapo kazi inajirudia na kumbukumbu zipo, kata bila huruma. Karani mwenye vikao sita kwa siku anajua fika ni kipi kinachozaa barua na kipi kinachozaa soda tu. Fundi cherehani anayejua sare za shule ndizo zinazomlipia pango asione haya kukataa suti ya harusi mwezi Desemba. Pale ambapo mwaka wa kesho hauufahamu, au ambapo kitu kidogo kimeshika mkono wa kikubwa usipopaona, kalamu yako itulie kwanza.

Yule mkulima wa Mpunguzi, shikamoo yangu ikiwa bado haijapoa, nilimwonyesha kijiti kifupi alichokiruka, kimebaki na macho mawili tu, chembamba, hakina dalili ya kubeba hata kichala kimoja. Nikamuuliza kama amekisahau.

"Hapana, mwanangu," akasema, mkasi ukiwa umeshahamia mti mwingine. "Hicho ni cha msimu ujao."