Huku wanahesabu viti kabla, kwetu tunahesabu watu wakishakaa chini

Wakuu habari za siku. Mi ni mtoto wa Igoma, Mwanza, mwaka wa sita huu niko England, kibarua changu kiko chuo kikuu, ofisi ya ratiba. Ndio, kuna ofisi nzima ya ratiba, nilivyoingia tulikuwa saba, kazi yetu kujua kipindi gani kiko chumba gani na watu wangapi, basi. Nilipomwelezea mama kwenye simu akanyamaza kwanza, halafu akauliza, yaani wanakulipa kupanga madarasa?

Alicheka lakini mwenzenu kazi hii imenifumbua macho. Nimesoma chuo kimoja hapohapo Mwanza, jina nabaki nalo. Mwaka wa kwanza tulikuwa kama mia nne kwenye ukumbi wa watu mia mbili na kitu, kipindi saa moja asubuhi ila ukitaka kiti uwe umefika saa kumi na mbili uweke daftari lako, ukichelewa unamsikiliza lekchara dirishani, na vile viti vya plastiki tulikuwa tunavibeba wenyewe toka jengo la juu tunashuka navyo kwenye mawe, mnayajua mawe ya Mwanza, na kikivunjika mguu ni kesi. Ratiba inabandikwa chuo kimeshafunguliwa wiki mbili, kesho yake inabandikwa nyingine juu yake, mwisho wa siku ratiba ya kweli iko kichwani kwa CR, yule mwanafunzi kiongozi wa darasa. Transkripti yangu ilikaa miezi minne kwa sababu anayesaini alikuwa safari. Mtu mmoja.

Siku zote nilijua tatizo ni hela. Sasa nimekaa jikoni kwa wenzetu naona hela ni nusu tu ya habari. Hapa ikifika mwezi wa tano tunayo makadirio ya watoto wa Septemba, kila ukumbi umeandikwa una viti vingapi, kozi ikizidi mfumo unakataa, mkuu wa idara atapiga simu atafoka lakini mfumo haumjui. Hicho hakihitaji mabilioni jamani. Kitu kingine, wanaoendesha ofisi ni watu wa utawala, wamesomea hiyo kazi. Kwetu profesa mzuri kabisa wa darasani anapewa cheo, kesho anasimamia manunuzi, mabweni na maji, darasani tumempoteza na huko kwenye manunuzi anaungaunga tu.

Ila msiwaone malaika hawa. Wanaojua kuhesabu viti wamekosea kuhesabu hela. Ada ya mwanafunzi wa hapa iligandishwa pauni 9,250 toka 2017, imekuja kusogea 2025 ikawa 9,535, wakati huo kila kitu kimepanda bei, vyuo vikaziba pengo kwa ada za wageni ambao wanalipa zaidi ya hapo kwa mbali, na mipango ikaandikwa kana kwamba wageni wataongezeka kila mwaka milele. Naira, hela ya Nigeria, ikaporomoka 2023, Januari 2024 serikali ikazuia wanafunzi wengi wa masters kuja na familia zao, Wanaijeria wakapungua, na sasa vyuo kibao vinapunguza wafanyakazi. Wale saba wa ofisini tumebaki watano. Wa kwangu mkataba unaisha Julai, tuombeane. Na vyuo vyetu vya binafsi ugonjwa ni huohuo, vimesimamia mguu mmoja wa ada, na ada ya wengi inasubiri Bodi ya Mikopo.

Sasa kinachoninyima usingizi ni hiki. Mnakumbuka 2016 elimu bila ada ilivyoanza, la kwanza likafurika watoto wanakaa sakafuni? Hesabu kwa vidole: la saba 2022, form one 2023, form four 2026, form six 2029. Yaani 2027 wanaanza kugonga hodi vyuo vya diploma, na mwishoni mwa 2029 wako mlangoni chuo kikuu. Hilo si tetemeko la kutushtukiza usiku. Mvuvi wa Igombe akiona wingu limejikunja upande wa Ukerewe anavuta mtumbwi, hangoji mpaka alowe.

Sisemi hakuna kinachofanyika. Kuna ule mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu, dola milioni 425 za Benki ya Dunia toka 2021, Chuo Kikuu Ardhi kimepata kampasi Sengerema, na daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unazipita dakika chache pale tulipokuwa tunasota kusubiri kivuko. Safi sana. Lakini jengo lina utepe wa kukata, mwalimu hana utepe. Masters miaka miwili, PhD minne au mitano, kwa hiyo atakayemfundisha mtoto wa 2029 inabidi sasa hivi tunavyoongea awe anasoma, na mishahara yake iwe kwenye bajeti ya mtu. Na hosteli? Wenye nyumba wanaojenga vyumba vya geto karibu na vyuo wanapanga vizuri kuliko vyuo vyenyewe, hilo nalisema bila utani, wao wanajua watoto wanakuja lini na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linatoka lini.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ni wa haohao wa 2016. La kwanza walikuwa zaidi ya mia chumba kimoja, akawa anarudi na vumbi la sakafu kwenye kaptula. Juzi kanipigia, mjomba nataka nikimaliza form four niende diploma ya uvuvi pale Nyegezi, unashaurije. Nikamwambia vizuri, anza kuulizia chumba sasa hivi. Akacheka kama bibi yake.