Ugomvi wa kurudisha tela nyuma hauanzii kwenye usukani

Mwambie mtu "kata kushoto" wakati anarudisha tela nyuma, na utakuwa umempa amri yenye maana nne. Kushoto kwa nani: kwako uliyesimama nyuma ukiwa umempa mgongo, au kwake aliyekaa mbele akitazama vioo? Na kinachotakiwa kwenda kushoto ni kipi, usukani au mkia wa tela? Gari likirudi nyuma, viwili hivyo huenda pande tofauti. Kwa hiyo nusu ya majibu yanampeleka kwenye nafasi yake, na nusu yanampeleka kwenye mti.

Hapo ndipo wenzi wengi wanapokorofishana wakiingiza tela la kambi, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, kwenye nafasi yake. Dereva anasema haelekezwi vizuri, mwelekezaji anasema hasikilizwi, na wote wawili wana haki. Kwa maoni yangu tatizo si udereva wala masikio. Wanaingia kambini bila lugha ya pamoja, halafu wanajaribu kuitunga huku mzigo wa tani mbili au tatu ukisogea.

Lugha yenyewe haizidi maneno matano. Acheni kabisa kulia na kushoto. Semeni "dereva" na "abiria", yaani upande anaokaa dereva na upande wa kiti cha abiria. Pande hizo hazibadiliki hata ukigeuka ukatazama wapi. Na mkubaliane kwamba kinachotajwa siku zote ni mkia wa tela, kamwe si usukani. Mwelekezaji akisema "dereva", maana yake mkia uende upande wa dereva. Atauzungushaje usukani kuufikisha huko ni kazi yake aliyekaa mbele, na njia yake ni rahisi: ashike usukani kwa mkono mmoja sehemu ya chini kabisa. Mkono ukienda upande wa dereva, mkia nao unaenda upande wa dereva. Hakuna hesabu ya kugeuza kichwani. Maneno matatu yaliyobaki ni "rudi", "vuta mbele" na "simama".

Sasa kuna jambo ambalo mwelekezaji asiyewahi kushika usukani hulikosa karibu kila mara. Tela halijibu papo hapo. Dereva akikata usukani, gari ndilo linaloanza kupinda, kisha pale linapofungwa tela panasukumwa kando, na ndipo mkia unaanza kuhama. Katikati hapo mnaweza kuwa mmerudi mita moja nzima. Mwelekezaji anaona mkia umetulia vilevile, anarudia "dereva, dereva, dereva!" Dereva naye, kwa utiifu, anaongeza usukani. Tela likianza kujibu, linajibu amri zote kwa pamoja na kujikunja kwa kasi. Kwa hiyo toa neno moja, kisha nyamaza ungoje kama mita moja uone. Na mkia ukishaanza kwenda unakotaka, dereva anapaswa kuurudisha usukani upande wa pili ili gari lilifuate tela. Asipofanya hivyo pembe kati ya gari na tela inazidi kufunga hadi kona ya tela iguse bampa ya gari. Pembe ikishapita kiasi, hakuna kurudi nyuma kutakakoiokoa. Ni kuvuta mbele tu.

Watu wengine huona kuvuta mbele kama aibu. Mimi naona dereva anayevuta mbele mara nne ni bora kuliko anayeng'ang'ania mara moja. Mita tatu au nne za kwenda mbele hunyoosha kila kitu, na mnaanza upya mkiwa mmetulia.

Matela mafupi, tofauti na watu wanavyodhani, ndiyo yenye matatizo zaidi. Kadiri umbali ulivyo mdogo kati ya mahali pa kufungia na magurudumu ya tela, ndivyo linavyopinda haraka. Refu ni zito wa kugeuka, lakini linakupa muda wa kufikiri.

Kabla ya "rudi" ya kwanza, shukeni wote wawili. Si mmoja, wote. Tembeeni kwenye nafasi mpaka mwisho wake, mtazame chini kama kuna visiki, mawe, bomba la maji na nguzo ya umeme, kisha mtazame juu. Juu ndiko kunakosahaulika: tawi halionekani kwenye kioo cha pembeni, na kiyoyozi cha paa ndicho kitu cha kwanza kuligonga. Kama tela lina chumba kinachosukumwa nje, hesabuni nafasi yake pia, karibu mita moja, kabla ya kuamua mtasimama wapi. Halafu wekeni alama chini, koni au hata glavu, mahali ambapo gurudumu la tela la upande wa dereva litasimama. Gurudumu, si mkia. Tela huzunguka kwenye magurudumu yake, na mtu anayelenga kwa mkia huishia kupandisha gurudumu juu ya jiwe la kona.

Kama mnaweza kuchagua, ingieni nafasi ikiwa upande wa dereva. Hapo dereva anatoa kichwa dirishani na kuona gurudumu na kona kwa macho yake. Upande wa pili anategemea kioo tu, na tela likishapinda kioo kinaonyesha ubavu wa tela na si kingine. Ipiteni nafasi mkiwa mmeikaribia, kama mita moja na nusu kutoka ukingoni, kisha gari lielekee upande wa pili wa njia na kunyooka, ili mkia ubaki umeelekea mlangoni mwa nafasi kabla hata ya kuanza kurudi. Maandalizi hayo ni nusu ya kazi. Atakayeanza kurudi tela likiwa sambamba na njia atalazimika kulipinda sana ndani ya mita chache.

Wakati huo pua ya gari inafagia upande wa pili wa njia, na huko mwelekezaji haangalii kwa sababu macho yake yako kwenye mkia. Hilo ni jukumu la dereva, na mwambiane hivyo mapema.

Mwelekezaji asimame upande wa dereva, nyuma na kando, mahali anapoona uso wa dereva kwenye kioo. Kama huuoni uso wake, naye hakuoni. Usisimame katikati ya mkia na mti au ukuta hata kwa sekunde moja. Na dereva: ukimpoteza mwenzio kwenye kioo, simama. Usijiambie atatokea.

Redio koli zinasaidia kuliko kupiga kelele, kwa sababu sauti iliyopazwa husikika kama hasira hata ikiwa haina hasira yoyote. Lakini zina kasoro moja ya kuchekesha. Ukibonyeza na kusema papo hapo, silabi ya kwanza hukatika. "Simama" inafika ikiwa "mama", na dereva anaendelea kurudi akijiuliza mama kafanya nini. Bonyeza, hesabu moja, ndipo useme, na neno hilo ulirudie mara mbili. Simu mbili zilizopigiana zikiwa kwenye spika zinafaa pia, mradi mtandao upo. Mikono miwili iliyopishana juu ya kichwa iwe alama ya kusimama, redio iwepo isiwepo. Usiku, tochi imulike chini kwenye alama, isielekezwe kwenye kioo cha dereva.

Mita za mwisho zihesabiwe kwa sauti: tatu, mbili, moja, nusu, simama. Katika mita hizo, kimya nacho kiwe na maana. Sekunde tatu bila neno, dereva anakanyaga breki. Huenda mwelekezaji amejikwaa, au betri imekwisha.

Mara nyingi jirani atakuja kusaidia, na atapunga mikono yake mwenyewe. Dereva amfuate mwelekezaji mmoja tu, isipokuwa kwa neno "simama", ambalo hutiiwa hata likitoka kwa mtoto. Kamera ya nyuma nayo ni jirani wa namna hiyo. Inaona chini nyuma vizuri, haioni tawi wala kona ya ndani.

Mazoea ya kwamba mume ndiye wa usukani na mke ndiye wa nyuma ndiyo yanayoniudhi zaidi. Badilishaneni. Tafuteni uwanja mtupu, pangeni ndoo nne kwa upana wa mita 4, maana tela lenyewe lina karibu mita 2.5, na kila mmoja aingize mara tano. Aliyekaa mbele ataelewa jinsi ilivyo vigumu kukadiria mita moja ukiwa umesimama kando. Aliyesimama nyuma ataelewa kwa nini mkia haukusogea alipouambia. Ndoo haidai fidia.

Kuna kifaa kimoja cha kuangalia: tela likiwa na mkono wa msuguano wa kuzuia kuyumba, uondoeni kabla ya kurudi kwa kona kali, la sivyo utapinda.

Mkishafika kwenye alama, msikimbilie kulifungua tela. Wekeni pimamaji sakafuni, mtazame ulalo wa ubavu kwa ubavu. Kama upande mmoja uko chini, vuteni mbele kidogo, mweke vibao mbele ya magurudumu ya upande huo au nyuma yake, mvipande sasa gari likiwa bado limefungwa. Mbele na nyuma mtasawazisha baadaye kwa jeki ya mbele. Kisha kabari kwenye magurudumu yote ya tela, mbele na nyuma, na aliyeziweka aseme "kabari tayari" ndipo mwingine aguse kifungo.