Apu za safari India: dalali anakula kamisheni, lawama abebe nani?

Saa tano usiku, Chennai, Greams Road. Mimi na mjomba wangu aliyekuja kutibiwa mgongo, mabegi mawili na lile bahasha kubwa la picha za MRI, tumesimama mapokezi kwenye gesti ambayo nilikuwa nimeshailipia siku nne kabla kupitia apu moja ya safari ya kulekule India, kubwa tu, sitaitaja. Dogo wa mapokezi akaangalia pasi zetu, akaangalia kompyuta, akatikisa kichwa ule mtikiso wao ambao mgeni hujui ni ndiyo au ni hapana, halafu akasema hapa hatupokei watu wa nje. Mjomba akanigeukia, "Mwanangu, si ulisema ushalipia?"

Nililipia. Ila India kuna fomu ambayo wengi wanaiita Form C, hoteli ikimlaza mgeni wa kigeni lazima iijaze na kuituma kwa watu wa uhamiaji ndani ya saa 24, na gesti nyingi ndogo ama hazijasajiliwa kufanya hivyo ama hazitaki usumbufu, kwa hiyo zinakukatalia mlangoni. Sasa apu ilikuwa na jina langu, namba yangu inayoanza na +255, na hela yangu. Nikapiga kastama kea, nikasikiliza muziki dakika kama ishirini hivi, akaja dada mmoja mpole sana akaniambia bwana sisi ni jukwaa tu, tunakuunganisha wewe na hoteli, hoteli ikikataa hilo ni la hoteli. Hela ilirudi baada ya wiki mbili, ikarudia kwenye pochi ya ndani ya apu, kadi yangu haikuona kitu.

Hilo neno "jukwaa tu" ndo limenikaa kichwani mpaka leo, maana ukifuatilia ugomvi wote wa Wahindi na apu zao za safari, na ni ugomvi mkubwa kwelikweli, unakuta unazunguka hapohapo. Huyu mtu katikati ni muuzaji au ni mpita njia?

Nianze na upande wao, maana watu wana haraka ya kusahau. Kabla ya hizi apu kusafiri India ilikuwa kazi. Hadithi ya redBus inajulikana, Phanindra Sama alikuwa anafanya kazi Bangalore, sikukuu ya Diwali ya 2005 akataka kwenda kwao Hyderabad, akazunguka kwa maajenti wa mabasi akakosa siti, na tatizo halikuwa kwamba mabasi yote yamejaa, tatizo ni kwamba hakuna ajenti aliyekuwa anaona siti zote, kila mmoja ana vijisiti vyake na daftari lake. Mwaka 2006 yeye na wenzake wakaanzisha redBus. Upande wa treni, IRCTC ambayo ni kampuni ya serikali ilianza kuuza tiketi mtandaoni 2002, na leo zaidi ya asilimia 80 ya tiketi za kubuku siti zinakatwa huko. Foleni ya kulala stesheni imepungua sana, na anayekumbuka wapiga debe wa Ubungo ile ya zamani anaelewa hiyo ni nafuu ya namna gani.

Na wana vitu vizuri ambavyo sisi bado. Treni ya India ikijaa haikwambii imejaa ukome, inakupa namba kwenye orodha ya kusubiri, WL 23 tuseme, au inakupa RAC, maana yake unapanda ila kitanda kimoja cha pembeni mnagawana wawili, mnakaa mnatazamana usiku kucha na mtu usiyemjua, nimeshafanya hivyo Pune kwenda Delhi na jamaa muuza vitenge vya sari, tukamaliza karanga zake zote. Zile apu za binafsi, kama ixigo, zikaja na hesabu ya kukadiria: WL 23 yako ina uwezekano wa asilimia kadhaa wa kupata kitanda. Halafu zikaongeza dhamana, unalipa kidogo juu, tiketi ikigoma unarudishiwa mara mbili au tatu kama kuponi ya kutafutia usafiri mwingine. Ni kama bahati nasibu fulani hivi, lakini kwa mtu mwenye harusi ya ndugu kesho kutwa ina maana.

Kingine ambacho wateja hawapendi kuambiwa, wao wenyewe ni wagumu. Mhindi anayetafuta ndege anafungua apu nne kwa pamoja, MakeMyTrip, Goibibo, Cleartrip, EaseMyTrip, anaingiza kuponi, anabadilisha kadi ya benki hii na ile maana ofa ya Jumanne ni ya benki fulani, na anahama kwa sababu ya rupia 60. Mashirika ya ndege nayo kamisheni ile nono ya zamani walishaiua siku nyingi. Kwa hiyo mtu anataka tiketi kwa bei ya shirika lenyewe, kukiwa na punguzo juu yake, na kastama kea wa saa 24 anayeongea Kihindi, Kitamil na Kiingereza, na hataki kulipa hata senti ya huduma, sasa apu itaishi kwa upepo? (MakeMyTrip na Goibibo wala si wapinzani, ni nyumba moja tangu 2017, redBus nayo imo humo. Wengi wanalinganisha bei za kaka na dada wakidhani wanashindanisha.)

Haya, sasa upande wa pili.

Ada. Unaona ndege Pune–Delhi, rupia 4,899 kwa maandishi makubwa. Unabofya. Ukurasa wa siti, siti zote za mbele zina bei, ile isiyolipiwa umeifichiwa huko nyuma katikati. Ukurasa wa bima, ishawekwa tiki. Kachangie watoto rupia 5, nayo ina tiki. Unafika kulipa unakuta kitu kinaitwa ada ya urahisi, mia kadhaa kwa kila kichwa. Mia kadhaa! Urahisi wa nani, wakati mimi ndo nimejaza kila kitu kwa kidole changu? Na ukifuta safari ile ada hairudi. EaseMyTrip ndo walijipatia jina kwa kutotoza hiyo ada, ambayo inakuonyesha kwamba inawezekana kuishi bila hiyo ada, japo hela wanaitafuta kwa njia nyingine, hakuna wa bure.

Serikali iliona. Novemba 2023 wizara ya watumiaji ikatoa miongozo ya kukataza hila 13 za kwenye skrini: kukuingizia vitu kwenye kapu bila kukuuliza, bei inayoongezeka kidogokidogo mpaka mwisho, dharura ya uongo ile ya "zimebaki siti 2 tu", na moja inayonichekesha, kumwaibisha mteja. Shirika la ndege la IndiGo walikuwa na kitufe ukikataa bima kimeandikwa, kwa tafsiri yangu, "hapana, nitabeba hatari mwenyewe". Yaani kukataa bima unasainishwa kama unaenda vitani. Waliguswa, wakabadilisha. Ila miongozo ni miongozo, ukifungua apu leo bado utakutana na binamu zake.

Kubwa kuliko yote ni rifandi, na hapo corona ndo ilivua nguo kila mtu. Machi 2020 ndege zikasimama, watu mamilioni wana tiketi. Apu zikasema hela iko kwa mashirika. Mashirika yakasema tumeshairudisha kwa maajenti, au yakatoa hati ya kusafiri siku nyingine. Mteja katikati anarushwa kama mpira. Oktoba 2020 Mahakama ya Juu kabisa ya India ikaamua watu warudishiwe na ikaeleza hela iliyopitia kwa ajenti irudi vipi. Halafu CCPA, mamlaka kuu ya kulinda watumiaji, ikazishika apu moja moja. MakeMyTrip walirudisha rupia bilioni 9.78, EaseMyTrip bilioni 6, Cleartrip bilioni 5.46. Kwa haki yao, hizo ni hela nyingi na zilirudi. Lakini Yatra, apu nyingine, ilikuwa na deni la rupia milioni 262 mwaka 2021, na katikati ya 2024, miaka minne baada ya zile ndege kutoruka, bado milioni 25 zilikuwa hazijarudi, na mamlaka ikawaamuru waweke watu maalumu wa kuwapigia simu wateja waliobaki. Miaka minne mtu anasubiri nauli ya kwenda kwa mama yake.

Apu zitakwambia, na ni kweli, kuna wakati hela haiko kwao hata kidogo. Shirika la ndege la Go First liliposimama Mei 2023 na kuomba kinga ya ufilisi, hela ya tiketi ilikuwa imeshaingia kule, maajenti wenyewe wakabaki wanadai. Desemba 2025 ikawa zamu ya IndiGo, ambayo peke yake inabeba zaidi ya nusu ya abiria wa ndani, kanuni mpya za mapumziko ya marubani zikawakuta hawajajipanga, safari zikafutwa kwa maelfu, bei za mashirika mengine zikaruka mpaka serikali ikaweka kikomo, na watu wakawa wanazitukana apu maana ndo skrini iliyokuwa mbele yao. Hapo mimi nawaonea huruma kweli.

Wenye hoteli nao wana kilio chao, na hiki Watanzania wa utalii nadhani wanakielewa vizuri. Chama chao, FHRAI, kilienda kwa tume ya ushindani kulalamika kwamba MakeMyTrip-Goibibo wanawabana wasiuze chumba kwa bei ndogo kwingine, na kwamba kwa makubaliano na OYO, mtandao wa hoteli za bei rahisi, wapinzani wa OYO kama Treebo na FabHotels waliondolewa kwenye orodha. Oktoba 2022 tume ikawapiga faini, MakeMyTrip-Goibibo rupia bilioni 2.23, OYO bilioni 1.69, wakakata rufaa. Sasa hapo jiulize. Mtu anayeweza kumwambia mwenye hoteli "usishushe bei" na akatii, anawezaje kuniambia mimi saa tano usiku kwamba hana sauti kwa hoteli?

Ndiyo maana kwenye hili siko katikati. Nakubali wanafanya kazi ya maana, nakubali faida ni ndogo na mteja ni king'ang'anizi, lakini hoja ya jukwaa tu naikataa kwa hela ninayoilipa kwao moja kwa moja. Ada ya urahisi ukiichukua umeuza kitu, na kile kitu kikigoma hiyo ada angalau irudi, na irudi kwenye kadi. Hizi pochi za ndani ya apu ndo zinaniudhi kuliko hata hila za bei, maana hela yako inageuka kuponi inayokulazimisha kurudi kwa yuleyule aliyekuangusha. Na taarifa wanayo. Kama apu inaweza kukadiria kitanda cha WL 23, haishindwi kuuliza gesti swali moja, unapokea wageni wa nje au la, na kunifichia gesti ile nikiingia na namba ya +255.

Kwa wenzetu wanaokwenda matibabu au shule, jambo moja la treni. Tangu Julai 2025 tiketi za tatkal, zile za dharura zinazofunguliwa siku moja kabla, saa nne asubuhi kwa mabehewa ya AC na saa tano kwa ya kawaida, mtandaoni zinataka akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho chao cha taifa. Lengo ni kuwabana walanguzi na roboti zao zilizokuwa zinamaliza siti ndani ya dakika, na maajenti wenyewe wamezuiwa nusu saa ya mwanzo. Kwa mwenyeji ni nzuri sana. Kwa mgonjwa kutoka Mbeya ni mlango mwingine umefungwa, kwa hiyo msitegemee tatkal, kateni mapema, tiketi zinafunguliwa siku 60 kabla, na ukiwa Delhi kuna ofisi ya watalii wa nje palepale stesheni ya New Delhi ambayo ina siti za treni zilizotengwa kwa wageni, nenda na pasi.

Usiku ule Chennai aliyetuokoa ni dereva wa bajaji. Alitupeleka gesti ya tatu mtaa wa nyuma, ya kwanza imejaa, ya pili wamekataa. Kihindi nacho wanasema dalal, neno lilelile letu, ila kwao ni karibu na tusi, na huyu jamaa alikuwa dalali kabisa, nilimwona akipewa kamisheni yake kaunta, noti mbili za mia. Akazikunja mfukoni, akarudi kwenye bajaji, hakuwasha. Alisubiri pale nje mpaka alipoona taa ya chumba cha mjomba imewaka.