Kripto yako: kinacholinda hela na kinacholinda mwili ni vitu viwili

Ukipita vibaraza vya Ngamiani hapa Tanga jioni, pale wanapokaa vijana wanaonunua na kuuza USDT, ile kripto inayofuata thamani ya dola, ubishi ni uleule. Mmoja anasema hela iache kwenye soko la kripto la mtandaoni, Binance au kwingineko, kule kuna wataalamu wanalipwa kuilinda. Mwenzie anamkatalia, ufunguo, ile siri inayoruhusu hela kutoka, kama hunao wewe basi hela si yako, itoe uweke kwenye waleti yako mwenyewe, programu au kifaa unachoshika ufunguo wewe. Wote wana hoja nzito tu, ila mie naona wote wanabishania usalama wa hela, usalama wa mwenye hela hawaugusi, na hivi vitu viwili haviendi pamoja kila mara, kuna wakati vinagombana kabisa.

Tuanze na wa kutoa, maana ushahidi wao uko wazi. Soko la Mt. Gox la Tokyo lilifilisika 2014, Bitcoin kama 850,000 zikawa hazionekani, baadae wakaja kuzipata kama 200,000, na wateja walianza kurudishiwa Bitcoin zao 2024, miaka kumi mtu unasubiri hela yako mwenyewe. Soko jingine, FTX, likaanguka Novemba 2022, na pale hata mdukuzi hakuhitajika, bosi wake Sam Bankman-Fried ndiye alitumia hela za wateja na Machi 2024 akafungwa miaka 25. Halafu Februari 2025 soko la Bybit wakaibiwa takriban dola bilioni 1.5, FBI wakasema ni watu wa Korea Kaskazini. Na kwa sisi Watanzania ongeza hili, Benki Kuu ilishatangaza tangu Novemba 2019 kwamba kripto si hela halali nchini, na japo Rais Samia 2021 aliwaambia wajiandae na hayo mambo, na sheria ya fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali, ile bima ya amana inayokulinda benki ikianguka kwenye kripto haipo. Unakatwa kodi lakini soko likifa umekufa nalo.

Lakini tuwe wakweli, hilo la Bybit lina upande wa pili ambao wa kutoa hawapendi kuutaja: wateja wa Bybit hawakupoteza, kampuni iliziba pengo ikaendelea na kazi. Wewe ukiibiwa kwenye waleti yako nani ataziba?

Na waleti yako inaibika kirahisi kuliko watu wanavyodhani. Yale maneno 12 au 24 unayopewa siku ya kwanza ukifungua waleti ndo hela yenyewe, anayeyajua ndo mwenye mali basi, hakuna cha kitambulisho wala polisi. Sasa vijana wengi wanafanyaje, wanapiga picha kwa simu, picha inakaa humo katikati ya picha za harusi na mechi za Coastal Union, na kama simu inajihifadhi yenyewe mtandaoni ujue na maneno yamepanda huko. Siku kioo kinapasuka simu inaenda kwa fundi, fundi anaomba patani ili aijaribu tachi, unampa, unamwachia unaenda kunywa kahawa. Simsingizii fundi, mafundi wengi ni watu waaminifu kabisa, ila hapo umemkabidhi mtu sefu ikiwa wazi. Na hata bila fundi, Februari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kirusi walichokiita SparkCat, kinajificha ndani ya programu za kawaida, zingine zilikuwa kwenye maduka rasmi ya Google na Apple, kinasoma picha zako moja moja kikitafuta hayo maneno. Kwa hiyo maneno yaandikwe kwa kalamu, kwenye karatasi, na karatasi isilale ilipolala simu.

Sasa turudi kwenye mwili. Januari 2025 kule Ufaransa, David Balland, mmoja wa waanzilishi wa Ledger, kampuni inayotengeneza vile vifaa vya kuhifadhia funguo, alitekwa nyumbani kwake pamoja na mkewe, wakamkata kidole ili wenzake walipe kwa kripto. Polisi waliwaokoa wote wawili, na hela iliyolipwa sehemu kubwa ilikamatwa. Huyu ni mtu aliyekuwa na ulinzi wa kiteknolojia kuliko sisi sote, na haukumsaidia kitu, kwa sababu waliomfuata hawakuhangaika na mfumo, walimfuata yeye. Mei mwaka huohuo, Ufaransa hapohapo, jijini Paris, akatekwa baba wa mtu tajiri wa kripto, naye akakatwa kidole. Mzee wa watu, hela si zake.

Hao majambazi wanajuaje nani anazo? Mara nyingi orodha ipo tayari. Ledger wenyewe 2020 data za wateja wao zilivuja, majina, namba za simu na anwani za nyumbani, yaani ulinunua kifaa cha kujilinda na ununuzi wenyewe ukakutaja. Mei 2025 Coinbase, soko la Marekani, nao walitangaza kwamba wafanyakazi wa huduma kwa wateja nje ya Marekani walihongwa wakatoa taarifa za wateja, mpaka picha za vitambulisho na salio la akaunti, wahalifu wakadai dola milioni 20 na Coinbase wakagoma. Kwa hiyo uwe wa sokoni uwe wa waleti, jina linaweza kutoka.

Ila hapa Tanga mie sidhani mwizi anahitaji data za kuvuja. Mji wa kujuana huu, mtu akinunua pikipiki mpya Makorora asubuhi, adhuhuri Chumbageni wanajua. Na sisi wenyewe tunamrahisishia, mtu anaweka skrinishoti ya salio kwenye stetasi, anajiunga magrupu ya Telegram kwa jina lake na namba ileile ya M-Pesa, anauza USDT kwa P2P, yaani mtu kwa mtu, na kila muamala unampa mgeni jina lako kamili la kwenye laini. Kuna na hawa wanaokutana kupeana keshi mkononi, mtu usiyemjua, kiasi mlishakubaliana kwenye simu, yaani anajua kabisa umebeba shilingi ngapi na utapita njia gani. Hilo la keshi mie nalipinga moja kwa moja, sioni hoja ya kulitetea.

Laini nayo ni mlango. Ukienda kusajili au kurinyuu laini kwa wakala wa barabarani, anakwambia weka kidole, haijasoma, weka tena, kumbe cha pili kimesajili laini nyingine kwa jina lako, au siku moja simu yako inakosa mtandao ghafla kwa sababu namba yako imeshahamia kwa mtu mwingine na meseji za kuthibitisha zinaingia kwake. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na akaunti ya soko isitegemee meseji, itegemee ile programu inayotoa namba mpya kila sekunde 30.

Basi uamuzi wangu ni upi? Kwa mwenye kiasi kidogo, hela ambayo ikipotea inauma lakini maisha yanaendelea, soko kubwa linamtosha, kwa sharti awashe ule mpangilio wa anwani zilizoidhinishwa, yaani hela inatoka kwenda waleti ulizoziorodhesha tu, ambao kwenye baadhi ya masoko ukiongeza anwani mpya inabidi usubiri siku nzima kabla hela haijatoka. Mwenye kingi atoe, lakini asikae na ufunguo wote peke yake. Kuna waleti za sahihi mbili kati ya tatu, hela haitoki mpaka funguo mbili kati ya tatu zikubali, ufunguo mmoja unao Tanga, mwingine kwa kaka yako Muheza, wa tatu Dar, hata ukishikwa usiku huwezi kutoa kitu.

Hapa ndo ugomvi niliousema mwanzo. Wapo wanaosema ukishindwa kutoa ndo utaumizwa zaidi, jambazi hatakuamini, na hoja hiyo siwezi kuipuuza. Huo mpango ungemkatisha tamaa jambazi kama angejua mapema kwamba upo, lakini huwezi kumjulisha bila kutangaza kwamba una hela. Ndo maana nasema sahihi mbili zinalinda hela tu. Mwili unalindwa na kutojulikana, na pia na kuwa na kitu cha kumpa, waleti ndogo kwenye simu yenye kiasi cha kuaminika, akishika hiyo mpe bila kubishana aondoke. Wenye ujuzi watasema majambazi wa sasa wanajua hiyo janja, kweli wanajua, lakini asiye na uhakika una ngapi ni rahisi kuridhika kuliko aliyeona skrinishoti yako.

Kinachobaki kigumu ni familia, maana ukinyamaza kabisa ukafa, watoto hawapati hata senti. Mie naona mtu mmoja tu ajue kwamba mali ipo na aanzie kwa nani, kiasi asijue, na maneno asiwe nayo. Na kwa kuwa siku hizi sauti inaigizwa na kompyuta, hata sura, kule Hong Kong 2024 mfanyakazi wa kampuni ya Arup alituma kama dola milioni 25 baada ya kikao cha video ambacho mabosi wote walikuwa wa kutengenezwa, basi mama nyumbani aambiwe mapema: akipigiwa na sauti ya mwanae inalia imetekwa itumiwe hela, akate simu, apige mwenyewe ile namba anayoijua, asipopokelewa ampigie kaka mtu kabla hajamtumia mtu yeyote chochote.